Kutoa amri kwa Kihispania (vitenzi vya kawaida): maswali mnayoniuliza kila siku

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu ninaosoma nao Kihispania jioni pale Sinza. Wengi wao ni waongoza watalii, wawili wapo hotelini, na mmoja ni shabiki wa Barcelona tu basi, hana sababu nyingine. Nimechoka kurudia majibu yale yale kwenye voisi noti kwahiyo nayaandika hapa mara moja. Msimamo wangu nausema mapema: amri za Kihispania ukizisoma kwa kupitia Kiingereza utateseka, ukizisoma kwa kupitia Kiswahili utashangaa nusu ya kazi ulishaimaliza ukiwa mtoto.

Amri si ni za kufokea watu? Mi wageni wangu siwezi kuwaamrisha.

Hapana bwana. Ukimwambia dogo "lete maji" hiyo ni amri, ukimwambia mgeni "pita ndani" nayo ni amri, hata "nisamehe" ukiiangalia vizuri ni amri. Wahispania ivyo ivyo. *Pase* anaambiwa mgeni mlangoni, yani karibu pita. *Perdone* na *disculpe* ndo samahani yenyewe unayomwambia mtu usiyemjua barabarani. *Espere* ni subiri, *tome* ni shika au chukua, na *mira* ni angalia lakini wanaitumia kila baada ya maneno mawili kama sisi tunavyosema "sikiliza nikwambie". Kwahiyo kama unafanya kazi na wageni, amri ndo utakuwa unazitumia kutwa nzima kuliko kitu kingine chochote.

Sawa, naanzaje kuiunda?

Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi. Kitaishia na -ar, -er au -ir, hamna zaidi. Tutatumia vitatu hivi mpaka mwisho: *cantar* kuimba, *comer* kula, *subir* kupanda (gari, ngazi, mlima).

Kama unaongea na mtu mmoja ambaye ni rika lako, mshkaji, mdogo wako, yule mnayeitana naye wewe kwa wewe (wao wanaita *tú*), kata r ya mwisho umemaliza. *Cantar* inabaki *canta*, imba. *Comer* inabaki *come*, kula. Kwenye -ir ukishakata r, ile i inageuka e, kwahiyo *subir* inakuwa *sube*, panda, na *escribir* inakuwa *escribe*, andika.

Halafu tafadhali msisome kizungu. *Come* inasomwa ko-me, herufi zote kama Kiswahili. Kuna jamaa darasani aliona *come aquí* akajua kabisa anaitwa, kumbe ni "kula hapa".

Mzee au bosi naye namwambia *canta*?

Hapo ndo nilipoumbuka mimi mwenyewe. Siku moja nimepokea wageni uwanja wa ndege, mzee na mkewe kutoka Colombia na mjukuu wao. Nimefungua mlango wa gari, nimetabasamu, namwambia mzee *sube, sube*. Mzee kaniangalia, katabasamu, kasema taratibu *suba*. Nikadhani ananiambia mimi ndo nipande. Nikapanda! Nimekaa ndani ya noah wao wako nje na mabegi. Mjukuu ndo akaja kunieleza huku anacheka, kwamba babu alikuwa ananirekebisha, mtu mzima anaambiwa *suba*.

Yani wana *usted*, ambayo ni "wewe" ya heshima. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo na kwenye "naomba", wao wanaiweka ndani ya kitenzi chenyewe. Na namna wanavyoiweka ndo raha yenyewe. Angalia Kiswahili kwanza: imba, ukitaka kulainisha unasema *uimbe*. Soma, *usome*. Pita, *upite*. Ile a ya mwisho inakuwa e na maneno yanapoa. Sasa Kihispania: *canta*, ukimwambia mzee, *cante*. *Pasa*, *pase*. *Espera*, *espere*. A imekuwa e. Hizi lugha hazina undugu wowote, ni bahati tu imetuangukia, ila bahati haikataliwi. Anayejifunza kwa Kiingereza haoni kitu hapa, kwasababu Kiingereza mtoto na rais wanaamriwa kwa neno lile lile.

Mbona *coma* na *suba* zinaishia na a sasa? Umesema a inakuwa e.

Hapa ndo Kiswahili kinatuacha njiani. Vya -ar vinatoka a kwenda e. Vya -er na -ir vinabadilishana navyo viti, vinatoka e kwenda a: *come* inakuwa *coma*, *sube* inakuwa *suba*, *escribe* inakuwa *escriba*, *abre* (fungua) inakuwa *abra*. Sikio letu halipendi, sikio linataka heshima iishie na e, kwahiyo mtu anamwambia bibi wa watu *come* akidhani ndo kamheshimu, kumbe amemwambia "kula wewe".

Mi huwa nawaambia shikeni hivi: heshima ni kubadilisha irabu. Kama ya mshkaji ni a basi ya mzee ni e, kama ya mshkaji ni e basi ya mzee ni a. Ukibadilisha umeheshimu, usipobadilisha mmeitana washkaji.

Kuna njia nyingine ya vitabuni, unachukua kitenzi cha "mimi" (*canto*, *como*, *subo*), unatoa o, unaweka ile irabu ya upande wa pili. Kwa vitenzi vya kawaida unafika pale pale, ila ukija kwenye vikorofi njia hii itakuokoa, kwa mfano *tengo* (nina) inakupa *tenga*.

Na kama naongea na kundi?

Ya heshima ongeza n. *Canten*, *coman*, *suban*. Weka pembeni na yetu: imba, imbeni. *Canta*, *canten*. A imekuwa e halafu n imekuja, sisi tuna -ni wao wana -n. Siku nilipoona hii nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka dada wa pembeni akahama siti.

Na habari njema ni kwamba Amerika ya Kusini yote, Mexico, Cuba na kwingine kule, kundi ni *ustedes* tu, wawe wazee wawe watoto wa chekechea, wote *canten*. Kwahiyo ukiwa na basi limejaa wageni kutoka Mexico hupati shida ya kuchagua.

Hispania je? Nasikia wana nyingine.

Wanayo, inaitwa *vosotros*, ni "nyinyi" ya washkaji. Kuiunda ni rahisi kuliko zote, toa r weka d: *cantad, comed, subid*. Mkazo uko mwishoni, can-TAD. Ukibandika -os (ile ya "jikalisheni, jinyamazisheni") d inadondoka, *callad* inakuwa *callaos*, nyamazeni. Mitaani kwao wengi wanasema *callaros* kwa r, utaisikia sana, ila kwenye kuandika rasmi haikubaliki.

Ushauri wangu ni uitambue ukiisikia, ila kama huna safari ya Madrid usipoteze wiki nzima hapo. Hata ndani ya Hispania yenyewe, watu wa visiwa vya Canary wanatumia *ustedes* kwa kila mtu.

Na Argentina? Kuna mtu kaniandikia *contame* (nisimulie) bila alama ya mkazo, kakosea?

Hajakosea. Argentina na Uruguay (na nchi nyingine kadhaa kwa kiasi) mshkaji haitwi *tú*, anaitwa *vos*, na amri yake unaipata kwa kutoa r na kuweka mkazo kwenye irabu ya mwisho: *cantá, comé, subí*. Hapa hata i ya -ir haigeuki.

Mfano wake mashabiki wote wanao kichwani bila kujua. Kombe la Dunia 2022 kule Qatar, Argentina imeitoa Uholanzi kwa penati robo fainali, Messi yuko kwenye mahojiano, mara anamgeukia mchezaji wa Uholanzi anasema *¿Qué mirás, bobo? Andá pa' allá.* Yani unaangalia nini we mjinga, hebu nenda huko. Ile *andá* ndo amri ya vos, ya kitenzi *andar*. Angekuwa anatokea Mexico angesema *anda*, mkazo mwanzoni. Na angekuwa anamheshimu angesema *ande*, ila siku ile heshima haikuwepo kabisa.

Hizi alama juu ya herufi (*háblame, cómelo*) ni za nini, siwezi kuziacha tu?

Swali hili nalipenda, nitakaa nalo kidogo.

Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Soma, mkazo upo SO. Ongeza -ni, someni, mkazo umehama upo ME. Neno likirefuka mkazo unasogea nalo kama kivuli, na hatujawahi kufundishwa, tunafanya tu.

Kihispania neno linaloishia na irabu au n au s nalo mkazo wake upo pale pale, ya pili kutoka mwisho. HA-bla, CAN-ten, es-CRI-be. Ndo maana Mswahili anayasoma vizuri tangu siku ya kwanza, wala hatuna haja ya kujisifu. Shida inaanza ukibandika kiwakilishi nyuma. *Habla* ukiongeza *me* (mimi) neno limekuwa na silabi tatu, sikio la Kiswahili linasogeza mkazo lenyewe, ha-BLA-me. Wao hawasogezi. Mkazo unabaki pale ulipozaliwa, HA-bla-me. Na kwasababu sasa umekaa mahali ambapo sheria yao haiutarajii, wanaweka kijiti juu kama onyo: *háblame*. Ni ivyo ivyo kwa *cómelo* (kile, yani kula hicho), *escríbeme* (niandikie), *llámame* (nipigie simu), *ábrelo* (kifungue).

Sasa rudi kwa yule wa Argentina. Kwake ni *contá*, mkazo mwishoni, ukiongeza *me* unapata con-TA-me, mkazo umejikuta wenyewe ya pili kutoka mwisho, sheria inautarajia, kijiti hakina kazi tena. Ndo maana anaandika *contame* na *llamame* mikono mitupu. Ukiniuliza mimi, Waargentina ndo wanaotamka hizi amri kwa mdundo wa Kiswahili kabisa, na ni utani wa Mungu kwamba vitabu vingi vinavyouzwa huku havifundishi *vos*.

Kwahiyo viwakilishi vyote vinakaa nyuma?

Kwenye amri ya kukubali, ndio, nyuma na vimeshikana na kitenzi. Sisi tunaweka mbele, ni-andikie, ki-fungue, wao *escríbe-me, ábre-lo*. Vya kushika: *me* mimi, *te* wewe, *nos* sisi, *lo* au *la* kitu au mtu (kiume au kike), *los* au *las* vingi, *le* na *les* ni yule au wale unaowapa, unaowaandikia, unaowapelekea.

Mtego mmoja uwaingie kichwani, huu unatupata Waswahili tu. Sisi tukiweka kiwakilishi, a ya mwisho inageuka e yenyewe: nunua, *kinunue*. Kihispania irabu haiguswi na kiwakilishi. Nunua ni *compra*, kinunue ni *cómpralo*. Mtu wangu anaandika *cómprelo* kwasababu kichwani anasikia kinunuE, na *cómprelo* ipo kweli, ila ni ya kumwambia mzee. Kwahiyo unajikuta unamheshimu mdogo wako bila kukusudia. Siyo kosa la kufa, ila mara nyingi ndo linawafanya wageni wakuangalie kama umevaa suti ufukweni.

Ukitaka kubandika viwili, mtu anatangulia kitu kinafuata: *cómpramelo*, ninunulie hicho. Na *le* haikai pamoja na *lo*, ikikutana nayo inageuka *se*: *cómpraselo*, mnunulie hicho. Sisi kitenzi chetu hakibebi viwili kirahisi, tunasema "ninunulie" kitu chenyewe kinaeleweka, wao wanapenda kukitaja.

Kwanini *tocar* inakuwa *toque*, siyo *toce*? Hichi ni kitenzi cha kawaida au la?

Ni cha kawaida kwa sauti, ni maandishi tu yanahangaika. C ya Kihispania mbele ya a ni k, mbele ya e inakuwa s (au ile th ya "thelathini" ukiwa Hispania). Sasa *toca*, gusa, ukiigeuza e sauti ingebadilika, kwahiyo wanaandika *qu* ili k ibaki k. Inasomwa "toke" tu. G nayo wanaikinga kwa u: *paga* lipa, *pague*, inasomwa "page" na g ya "gari". Z inageuka c mbele ya e: *cruza* vuka, *cruce*. Na kwa upande wa pili *recoge* okota inakuwa *recoja*, hiyo j ni kh kama kwenye "kheri". Kiswahili k ni k mpaka Yesu arudi ndo maana haya tunayaona vituko.

"Tuimbe" nasemaje?

*Cantemos, comamos, subamos*. Irabu ile ile ya usted halafu -mos. Lakini kwenye maongezi wengi wanasema *vamos a cantar*, twende tukaimbe. Ukibandika *nos*, s ya kwanza inatoka: *levantémonos*, tuinuke. Tupite.

*Canta* si ndo "anaimba" pia? Watu wanatofautishaje?

Ndio, *canta* ni imba na ni anaimba. Sauti na mazingira vinasema, hamna anayechanganyikiwa. Na kiwakilishi kinasaidia sana: kwenye taarifa kinakaa mbele kimeachana na kitenzi, *me escribe*, ananiandikia. Kwenye amri kinakaa nyuma kimeshikana, *escríbeme*, niandikie. Kwenye maandishi pia wana alama ya mshangao mbili, ya kichwa chini mwanzoni na ya kawaida mwishoni: *¡Canta!* Kwenye meseji wengi wanaacha ile ya mwanzo, hata wenyewe.

Kwenye WhatsApp siweki alama za mkazo kabisa. Kuna tatizo?

Lipo moja kubwa. *Compre* ni nunua (ya heshima). *Compré* ni nilinunua. *Hable* ongea, *hablé* niliongea. Nimeshaona mtu anamwandikia mgeni *compre los boletos* anataka kusema tiketi nimeshanunua, mgeni akasoma kaagizwa akanunue tiketi, akaenda akanunua kweli. Zikawa mbili mbili. Kwenye kibodi ya simu bonyeza herufi ushikilie, alama zinatokea zenyewe.

Nikimwambia mtu amri tupu bila "naomba" siyo ukorofi?

Inategemea uko wapi na nani. Hispania mtu anaingia mgahawani anamwambia mhudumu *cóbrame*, nikate hela yangu, na hamna aliyenuna. Wengine wanaigeuza swali, *¿me cobras?*, inapoa zaidi. Colombia ukifanya hivo utaonekana umetoka porini, na pale Bogotá hata watu wa nyumba moja unaweza kuwakuta wanaitana *usted*. Mi sheria yangu ya Kidar ni hii: yule ambaye kwa Kiswahili ungemwamkia shikamoo, mpe *usted* na *por favor* juu. Akitaka mshuke kwenye *tú* atakwambia mwenyewe, *tutéame*, niite tú, ambayo nayo ni amri ya kitenzi cha kawaida.

Ya kukataza nayo nafanya hivi hivi?

Hapana, ile ina ukurasa wake, msinivurugie hapa. Kionjo tu: imba, usiimbe. *Canta*, *no cantes*. A imekuwa e tena.

Visivyo vya kawaida ni vingapi?

Kwa *tú* kuna vinane vya kukariri: *di* sema, *haz* fanya, *ve* nenda, *pon* weka, *sal* toka, *sé* kuwa, *ten* shika, *ven* njoo. Msilalamike. Na sisi tuna njoo, nenda na lete ambazo hazifuati mtu, na angalia mbili kati ya hizo ni korofi pande zote mbili.

Neno *viva* ni amri?

Linatoka *vivir*, kuishi, na umbo ni lile lile la usted, ila hapo haliamrishi mtu, linatakia: *viva* ni "idumu". Kibao cha barabarani *PARE* kule Amerika ya Kusini ndo amri kweli, *parar*, simama. Haihusiani na Same wala Mwanga. Mexico wao wanaandika *ALTO*. Mlangoni ukikuta *empuje* sukuma. Ukikuta *tire* vuta, na huyu *tirar* ni mtata kwasababu uwanjani *¡tira!* ni piga shuti, na *tíralo* inaweza kuwa kitupe. Mexico mlangoni utakuta *jale*.

Nipe zoezi la nyumbani basi, siyo la kujaza mapengo.

La kwanza ni daladala. Panda ya Mwenge Posta asubuhi, ukikwama kwenye foleni msikilize konda, kila anachosema kigeuze kimoyomoyo. Pandeni, *suban*. Sogeeni, *avancen*. Lipeni nauli, *paguen*. Shukeni, *bajen*. Konda anaongea amri tupu kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, na zote za wingi.

La pili ni chipsi mayai, na hili ndo nalipenda. Wahispania wana *tortilla de patatas*, ambayo ukiletewa mezani utasema mbona chipsi mayai imenenepa. Viazi, mayai, chumvi, mafuta, na wenyewe kwa wenyewe wanagombana mpaka leo kama kitunguu kiwekwe au kisiwekwe. Nenda kwa muuza chipsi wa mtaani kwako, simama pembeni ya karai, kila anachofanya mwamrishe (kimya kimya!) kabla hajakifanya. Menya viazi, *pela las papas*. Hispania ni *patatas*, Amerika ni *papas*, na usimwone samaki papa hapo. Kata, *corta*. Kitunguu kikatekate, *pica la cebolla*, inasomwa "pika" lakini bado hatujapika. Piga mayai, *bate los huevos*. Tia chumvi, *echa sal*. Funika, *tapa*. Subiri, *espera*. Geuza, Amerika wanasema *voltea*. Kula, *come*.

Ukimaliza rudia yote ukiwa unamwambia mama mkwe: *pele, corte, pique, bata, eche, tape, espere, voltee, coma*. Wiki iliyopita dada mmoja wa hotelini alifika kwenye *bata los huevos* akasimama, akauliza kwa uso mkavu kabisa, "mwalimu, haya mayai si ya kuku?"